Meno ya Kinyusi

Siku ya nne tangu mashine ya kuchambua pamba imle vidole vitatu, mjane alisimama mbele ya meza ya msimamizi, mkono wa kulia umefungwa kipande cha shuka. Hakuambiwa akae. Ukutani alisimama shoga yake wa mashine ya jirani, macho chini.

"Pole, mama," msimamizi alisema. "Sasa tuseme ukweli, Mungu anatuona. Asubuhi ile ulimwekea Kinyusi chake?"

Kiwandani pale kila mtu alimjua Kinyusi, ingawa hakuna aliyewahi kumwona. Si mkubwa kuliko panya. Anakaa tumboni mwa mashine, nyusi zake za pamba zimemfunika macho, hivyo hapambanui pamba na kidole. Kabla ya kuwasha unamwekea donge la pamba ukingoni. Usipoweka, anapapasa mwenyewe apate cha kutafuna. Akina mama walianza kama utani, zamani hizo. Siku hizi msimamizi ndiye anayepita akikagua madonge.

"Niliweka, bosi. Ila bati la kukinga mikono halikuwepo. Ulilitoa, ukasema linatuchelewesha kuzibua. Si lile pale nje, umeezekea pikipiki?"

Msimamizi hakutazama dirishani. Alimtazama shoga. "Wewe ulikuwa karibu. Aliweka?"

Shoga alikuwa na watoto wanne na mume asiyeinuka kitandani. Mjane aliyajua hayo kuliko yeyote. Uji wa mgonjwa walipokezana kuupika.

"Sikuona donge."

"Umemsikia mwenzio. Mimi si mkatili, mama. Kubali ulimkosea, nikupe fagio. Hata mkono mmoja unafagia. Ukishikilia habari za bati, mlango ule pale. Nenda likakulishe hilo bati."

Karatasi ilikuwa imeshaandikwa. Mjane aliisoma polepole, neno kwa neno: alikiuka desturi ya usalama. Akairudia. Nyumbani kulikuwa na wajukuu watatu na yeye tu. Jina lake alijua kuliandika, na kwa hati nzuri, lakini mkono uliojua ndio huo uliofungwa. Akapaka wino dole gumba la kushoto, akabonyeza.

Nje shoga alimfuata mbio. "Dada, nisamehe."

"Nimeshasamehe. Niache nikae kidogo."

Wiki ya tatu ya kufagia, msimamizi alimletea binti mgeni, sare yake bado ina mikunjo ya dukani.

"Huyu mama alikutana naye uso kwa uso. Mwonyeshe, mama."

Mjane aliegemeza fagio ukutani, akauinua mkono. Binti akashika mdomo.

"Pole, bibi. Ulimwona kweli? Ana meno?"

Msimamizi alingoja. Nyuma yake mashine ilikuwa inanguruma, misumeno yake ya mviringo iko wazi, safu kwa safu.

"Anayo," mjane alisema. "Mengi. Ya chuma."

"Ya chuma!" Msimamizi alicheka mpaka akakohoa. "Umesikia, binti? Basi umheshimu. Haya, pamba imekwama pale, zibua."

Mjane alifungua mdomo. Msimamizi alikuwa anamtazama bado. Akaufunga.

Binti alikunja mkono wa sare vizuri, akapiga magoti, akainamisha kichwa kwenye mdomo wa mashine.

"Shikamoo," alisema mle ndani, kwa adabu, kisha akaingiza mkono.