Kisanduku cha Kufukuza Umande

Jairo alikimbia umande. Hakuona haya kulisema, maana Nanyala nzima ilijua kwamba darasa la pili lilimshinda, akaona heri achunge ng'ombe jua likishatoka kuliko kulowa miguu alfajiri akafundishwe herufi. Kahawa haimuulizi mtu cheti. Lakini aliapa kwamba Alinanuswe, mwanawe wa pekee, hatakimbia. Na kweli mtoto hakukimbia hata siku moja, akafika kidato cha tatu na kuanza kutengeneza vitu ambavyo baba yake hakuvijua hata majina.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano mtoto aliamka akikohoa, akasema mwili wote unamuuma. Jairo alimsimamia mlangoni, begi la daftari mkononi. "Toka," alimwambia. "Umande hauui mtu." Mtoto akatoka. Siku ya nne walimzika. Daktari alieleza kwa upole kwamba nimonia ilikuwa imeshaingia mapafuni kabla ya hapo, umande haukuwa na kosa. Jairo alishukuru, akarudi nyumbani na maneno yake mwenyewe, na maneno hayo hayakumpa usingizi.

Mwezi ulipopita, Mwalimu Loisi alileta kisanduku. Shule ilikuwa na darubini ya kutazamia nyota, na baridi ya huku Mbozi mnaijua: saa tatu ya usiku haijapita, lenzi imelowa, wanafunzi wanatafuta nyota wanaona uji. Dawa yake aliitengeneza Alinanuswe. Ulikuwa mkanda wa kuzungushia darubini ili upate joto kidogo, na kisanduku cha kuuamuru mkanda huo. Ubavuni mwa kisanduku kulikuwa na kidude cheupe chenye matundu, chenye kunusa unyevu. Hewa ikiwa na unyevu, taa nyekundu inawaka na mkanda unapata joto. Ikikauka, taa inazimika. Katika daftari lake mtoto aliandika kwamba kijaribiwe nyumbani siku saba kabla ya kutumika, na Mwalimu alisema hawezi kuwanyang'anya wazazi kazi hiyo. Angekifuata Jumamosi, wanafunzi wakaone pete za Zohali.

Ketrina alimaliza darasa la saba, kwa hiyo yeye ndiye aliyemsomea mumewe ukurasa wa kwanza, sauti ikimkatika njiani. Unganisha betri ya pikipiki. Zungusha mkanda kwenye kopo. Weka mahali pakavu, taa isiwake. Sogeza sufuria ya maji ya moto, taa iwake. Jairo alitia yote kichwani; asiyejua kusoma hujifunza kukumbuka.

Alikiweka juu ya meza ya mtoto, chumbani kwake, mchana wa jua kali, dirisha wazi, vumbi na kelele za malori ya Tunduma vikiingia pamoja. Pakavu kuliko hapo hapakuwapo. Akainama kutazama. Taa ikawaka.

Alisubiri, haikuzimika. Akaenda jikoni kumwambia mkewe kwamba kuna kitu kimekosewa, akarudi, akaikuta imezimika. Akavuta kigoda, akainama tena. Ikawaka. Akagusa mkanda pale kwenye kopo, akaukuta na joto la mkono wa mtu. Jairo alikuwa mzee wa kanisa, na mambo ya mizimu alikuwa amewaachia wenyewe, lakini hapo nywele zilimsimama.

"Ni wewe?" aliuliza.

Taa haikuzimika.

Tangu siku hiyo asubuhi alichuma kahawa, na adhuhuri aliingia chumbani akafunga mlango. Alianza na habari za nyumbani, za mbwa aliyezaa, za paa lililorekebishwa. Siku ya tano ndipo alipopata moyo wa kuuliza lililompeleka pale, kama mtoto amemsamehe. Taa ilikuwa inawaka. Lakini ilikuwa inawaka hata alipozungumzia mbwa, na taa inayokubali kila kitu haijajibu kitu. Jairo alilia mpaka shati likalowa kifuani.

Jumamosi Mwalimu alipofika, Jairo alimwambia kisanduku bado kina kasoro, kinawaka pakavu, apewe wiki nyingine. Alijua anachokifanya. Kisanduku kikiondoka, mtoto angekuwa ameondoka mara ya pili. Mwalimu aliomba aonyeshwe wanavyokipima, na Jairo akainama kama kawaida yake. Taa ikawaka. Mwalimu akafungua daftari ukurasa wa pili, akasoma mstari wa chini.

"Anayepima asimame mbali. Pumzi ya mtu nayo ni umande."

Akamshika Jairo mkono wa shati, akamrudisha taratibu hadi mlangoni alipokuwa Ketrina. Wakasimama watatu. Baada ya muda taa ikazimika, wala haikuwaka tena. Jairo alikitazama kigoda kitupu. Wiki nzima alikuwa akijijibu mwenyewe. Kwanza aliona aibu, kisha ikaja huzuni ambayo hata makaburini hakuipata.

"Mstari huo hukuuona?" alimuuliza mkewe.

"Niliuona."

Alisema aliuona siku ile ile ya kwanza, alipofungua ukurasa wa pili kutafuta kilichokosewa. Alikuja mbio kumweleza, akamsikia nyuma ya mlango akiuliza ni wewe, kwa sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu wamzike mtoto. Akafunga daftari. Na tangu hapo naye alikuwa akiingia kila asubuhi, mumewe akiwa shambani. Mwalimu alianza kukunja mkanda bila kumtazama mtu.

"Ulikuwa unamwambia nini?"

"Nilikuwa nakusikia unavyomuuliza, Baba Alinanuswe. Jana nami nikamuuliza kama amekusamehe. Mambo ya pumzi nilishayajua, nikabana yangu." Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Taa haikuzimika."

Jairo alimtazama mwanamke huyu aliyejua kuruka mstari. Kisha akakichukua kisanduku, akamkabidhi Mwalimu kwa mikono miwili, akasema ni kizima, kinafanya kazi. Hakumuuliza Ketrina alibana pumzi kwa muda gani.