Mwenye Ngemo

"Inua upande wako, Baba Hidaya. Usivute. Inua."

Abubakari aliinua. Jiwe lilitikisika, likasogea kiganja kimoja, likagoma. Yeye na Tobia walikuwa wanajenga upya ukuta wa shamba la viazi la Tobia, uliobomolewa na masika. Huko Shume kila tuta la mteremko hushikiliwa na ukuta kama huo, na ukilala, udongo wote humshukia jirani wa chini. Jirani wa chini alikuwa Abubakari mwenyewe.

"Udongo wako nikurudishie kwa ndoo au kwa kijiko?" Abubakari alikuwa amemuuliza Tobia asubuhi.

"Kaa nao. Ila viazi vikiota ni vyangu."

Ndivyo walivyoishi. Mbuzi wa Krismasi wa Tobia huchinjwa na Abubakari, ili nyumba zote mbili zile. Lakini leo utani wa Tobia ulikuwa wa nusunusu, na Abubakari alijua sababu. Modesta, binti yake Tobia, ni muuguzi Kanada. Amejifungua mtoto wa kike, na anataka babu awepo siku ya ubatizo, ambebe mjukuu mbele ya kanisa. Sasa fomu ya viza inauliza kama mwombaji amewahi kutiwa hatiani na mahakama. Tobia amewahi.

Kijiji kizima kinajua. Miaka kumi na minne iliyopita Tobia aliita ngemo: unaalika majirani, unawapikia, nao wanakufyekea na kukulimia shamba siku nzima. Siku hiyo ukungu ulikuwa mzito. Abubakari, ambaye hapendi kuwa wa pili kwenye kazi yoyote, alitangulia mbele na shoka lake, akapita jiwe la mpaka bila kuliona, akaangusha miti mitatu ya msitu wa hifadhi. Walinzi walipokuja kuuliza nani amekata, Tobia alisema, "Shamba ni langu na watu ni wangu." Mahakamani alirudia hayo hayo, hakuongeza neno. Mwenye ngemo hamtaji mtu aliyekula chakula chake. Akafungwa miezi sita. Abubakari alipotaka kwenda kujitaja, Tobia alimkatalia: "Tukiingia wote, mashamba yatalimwa na nani?" Msimu ule Abubakari alilima yote mawili, na la Tobia ndilo alilolianza.

"Jaza hapana," alisema sasa, akipangusa mikono. "Kanada watazijulia wapi habari za Shume?"

"Modesta amekataa kabisa. Wakigundua umedanganya, wanakufungia mlango miaka mitano. Ukisema kweli, kosa likiwa moja na dogo, na kifungo kimepita miaka kumi, wanaweza kukuhesabu umejirekebisha. Wataamua wenyewe. Nakala ya hukumu nimeshaichukua Lushoto. Sasa wanataka barua ya kueleza ilikuwaje."

"Si uandike?"

"Nikiandika nilikata, nimedanganya. Nikiandika sikukata, wataniuliza nani alikata."

"Andika jina langu."

"Sikulitaja Lushoto, nikalitaje Kanada?"

"Kanada hawana ngemo, Baba Modesta!"

"Mimi ninayo." Tobia aliweka kokoto chini ya jiwe ili lisirudi nyuma. "Na wewe si unajiandaa kwenda Maka? Huko nako wakija kuuliza?"

Hilo Abubakari hakuwa amelifikiria. Aliogopa, na papo hapo akaionea aibu hofu yake. Aliutazama mgongo wa rafiki yake, umeinama juu ya jiwe kama ulivyoinama siku zote.

"Niende Maka," alisema taratibu, "na wewe umebaki hapa hujamwona mjukuu. Nitakuwa nazunguka Kaaba nakuwaza wewe. Hiyo itakuwa hija gani?"

Jenoveva, mke wa Tobia, alikuwa amefika na birika la chai na viazi vya kuchemsha, na hakuficha kwamba amesikia.

"Shemeji, karibu chai. Na wewe, Baba Modesta, hebu niambie. Kabla ya ngemo kuanza, nani huwatembeza watu mpakani?"

"Mwenye ngemo."

"Siku ile uliwatembeza?"

Tobia alichukua kiazi, akaanza kukimenya. Abubakari akakumbuka: mbuzi wa kitoweo alikuwa amekata kamba, na Tobia alikuwa huko kwenye ukungu anamwita kwa sauti ya kubembeleza, kama anayemwita mchumba.

"Nilikuwa namtafuta mbuzi," Tobia alisema.

"Basi andika hivyo."

"Kwamba nilifungwa kwa sababu ya mbuzi?"

Abubakari alicheka mpaka chai ikamwagika. Lakini Tobia alikuwa ameshaanza kuyapanga maneno, polepole, kama apangavyo mawe. "Niliita watu. Mpaka sikuwaonyesha. Wakakata miti ya serikali wakidhani ni yangu. Kosa likawa langu." Akafikiri. "Hapo hakuna uongo."

"Na mimi niko wapi hapo?" Abubakari aliuliza.

"Wewe ni mgeni mmoja mwenye shoka kali."

"Na macho mabovu," akadakia Jenoveva.

"Sawa, nichekeni. Ila niahidi, Baba Modesta. Wakirudi kuuliza ni nani hasa, utawapa namba yangu ya simu. Nitawaeleza mwenyewe. Ya Maka niachie mimi."

Tobia alimenya kiazi kimoja hadi mwisho, akampa. "Wakiuliza," alisema.

"Wakiuliza utawapa?"

"Nitawapa."

Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka msituni. Walijaribu jiwe mara moja zaidi, likagoma tena. Pengo lilibaki wazi katikati ya ukuta, na Abubakari akalizibia matawi, udongo usishuke kama mvua itanyesha.

"Kesho nakuja na mtaimbo," alisema.

"Njoo na miwani pia. Unisomee hiyo barua kabla sijaimaliza."

Jenoveva alitangulia na birika. Tobia akafuata njia ya nyumbani, jembe begani, akinong'ona: "Niliita watu. Mpaka sikuwaonyesha..."