Chokaa ya Opa Kornelis

Jumatatu asubuhi Rugaya alichambua kungumanga nyuma ya jiko lake kisiwani Ai, basibasi upande huu, mbegu upande ule. Nzuri zaidi alizitia koponi, za kupanda. Kufika adhuhuri zote zilikuwa nyeupe. Opa Kornelis, babu wa Kiholanzi aliyekufa kwa homa miaka mia tatu iliyopita, alikuwa amekwisha kuzichovya kwenye chokaa tena.

"Opa, nimekwambia hizi si za meli."

"Isiyo na chokaa huota," alisema yule mlinzi wa ngome ya Waholanzi, akivuta kigoda kivulini. Koti lake la sufu lilinuka kuvu.

"Si ndiyo ninachotaka?"

"Ikiota kwa wengine, sisi tutamuuzia nani?"

Meli yao ya mwisho iliondoka Rugaya hajazaliwa. Alimwekea muhogo, akaanza kuchambua upya.

Ofisi ya ardhi kule kisiwa cha Neira ilikuwa imesema shamba alilolipalilia tangu utotoni, na mama yake kabla yake, lingeandikwa jina lake akionyesha miche mitatu aliyoipanda mwenyewe, mwisho Alhamisi. Vinginevyo lingebaki la ngome.

"Mchemshie kahawa chungu, shoga," jirani yake Dayu alisema. "Labda atakufa tena."

Rugaya alificha mbegu tatu ndani ya nywele, akajifunga kitambaa. Opa alipekua hadi chungu cha wali, ila kichwa cha mwanamke hakukigusa. Alikuwa na adabu zake. Jumatano utosi ulimwasha. Alhamisi alipanda boti, akafungua kitambaa mbele ya karani. Miche mitatu, kila mmoja majani mawili.

Karani aliigusa kwa ncha ya kalamu. "Mizuri. Lakini imeota kichwani, mama. Fomu inasema ardhini."

"Ardhini haniachii yule mzee."

"Mzee gani?"

"Opa Kornelis wa ngomeni. Haipiti siku asije na chokaa yake."

Karani aliweka kalamu chini. "Kumbe mwenyewe yupo? Mbona hukusema mapema? Shamba lenye mwenyewe haligawiwi." Akapiga muhuri wa kukataa.

Aliporudi, Opa alikuwa mlangoni na ndoo.

"Inama kidogo," alisema.

"Subiri, Opa. Namwagilia kwanza."

Rugaya akateka maji kwa kata, akajimiminia utosini, akasimama wima. Opa, ambaye kimo chake kiliishia begani kwake, alivuta kigoda akaketi kusubiri.