Kidonge Kabla ya Kula

Ndugu yangu Donatien alikuwa ameshatoa hukumu kabla hatujatoka Kimanga: kama daktari hana jipya leo, dawa inaishia hapo. Binti yake Chérie, mwenye miaka kumi na mmoja, alikuwa anameza vidonge tangu mvua zianze, na mdogo wake Jeancy wa miaka minane bado alikuwa anamchungulia utosini.

"Mutoto amefuata tu ufupi wa mama yetu," Donatien aliniambia.

"Mama yetu alikuwa mufupi, lakini alikuwa anakua kila mwaka. Huyu amesimama kama saa iliyoisha pile, ile betri yake."

Basi nikafuatana na Chérie na mama yake, Honorine. Mimi Pudentienne nauza ndagala, dagaa wa ziwani. Mafuriko yalinichukulia nyumba, vita vikanihamisha, mume akajihamisha mwenyewe. Chumba cha daktari hakinitishi.

Daktari Mathieu, mwana wa kijiji cha Runingu aliyenona kwa mshahara wa serikali usiofika, alibandika dirishani picha ya radio, eksirei ya mkono wa Chérie. Vifupa vya kiganja vilikuwa vichache, vimetawanyika kama kokoto.

"Huu ni mkono wa mtoto wa miaka sita," akasema. "Tezi hii ya shingoni, tiroide, ndiyo inatuma homoni. Mfupa wa mtoto una gegedu laini kwenye ncha zake, na humo ndimo unarefukia. Homoni inaliambia gegedu: ongezeka, sasa geuka uwe mfupa. Tezi ya Chérie ilichoka. Mifupa ikabaki inangoja amri."

"Haijafunga?" Honorine aliuliza.

"Bado iko wazi, ndiyo bahati yetu. Ila haitangoja milele."

Kidonge kilikuwa homoni hiyo yenyewe. Lakini jibu la damu lilionyesha kwamba imo kidogo mno, kana kwamba mtoto anameza chokaa. Daktari akashika kalamu ili apandishe dawa, akaiweka chini, akaishika tena.

"Docta, kinachokusumbua ni wino?"

"Mama Pudentienne, nikizidisha, mifupa itaenda mbio na ncha zitafunga mapema. Atarefuka haraka, halafu atakwama chini ya kimo chake. Na nikiacha hivi hivi..."

Chérie alikuwa anamtazama bila kupepesa.

Akaanza kuuliza upya. "Mama Chérie, kidonge anameza kabla ya kula?"

"Kila siku, docta! Anameza, anaenda ku masomo, akirudi ndiyo anakula."

"Akirudi saa saba?"

"Saa saba, bugali na sombe ya majani ya muhogo."

"Toka asubuhi mutoto haweki kitu mu kinywa?"

"Anakunywa tu masoso yake."

Kalamu ilibaki hewani. "Masoso? Uji wa mahindi, mtama na soya?"

"Na maziwa, siku yakipatikana ya kutoka kule Nyakabere. Kidonge namuchanganyia humo, kisimuchome tumbo."

"Honorine! Si nilisema kabla ya kula?"

Chérie akadakia, kwa sauti ya mwalimu aliyechoshwa na mwanafunzi mzito. "Docta, masoso hatukulake. Tunakunywaka."

Nilishindwa kujizuia. "Na weye, docta, asubuhi hii umekula?"

"Minye? Bado sija..." Akatazama kikombe cha chai mezani na makombo ya mkate kandokando, akaangua kicheko. "Kosa ni langu. Mutu wa Runingu kabisa, nilipaswa kujua. Kama si bugali, hatujakula."

Alirudi upesi kwenye uso wa kazi. Soya na maziwa, akasema, vinaishikilia dawa tumboni, haipiti kwenda damuni. Sasa kidonge ni kwa maji matupu, Chérie akiamka tu, na masoso yangoje saa nzima. Kiwango cha dawa hakukigusa.

Donatien tulimkuta mlangoni kwake, tukamweleza yote. "Kwa hiyo tulikuwa tunatibu masoso?"

"Ndiyo. Sufuria yenu ingekuwa na mifupa, ingeshagonga dari."

Alinuna, lakini akakubali tungoje jibu lingine la damu. Damu ilikuja nzuri, naye akaacha kuzungumzia ufupi wa mama yetu.

Kiangazi kilipofika tukarudi. Muuguzi Sabine akamsimamisha Chérie kwenye ubao wa kupimia, akateremsha kijiti hadi utosini, akasoma namba kwa sauti: sentimita tatu zaidi ya mara iliyopita. Honorine akakaa kwenye benchi, akajifunika uso kwa kitenge.

"Atafikia wenzake, docta?"

"Siahidi, mama. Mifupa ilipoteza miaka. Lakini imeanza kazi, na ncha bado ziko wazi."

"Shuka, Chérie," Sabine akasema. "Wenzako wanangoja."

Chérie hakushuka. Alibana visigino ubaoni.

"Pima tena."

"Nimeshapima, na umesikia."

"Nimesikia," akasema. "Sema tena."