Mzaha wa Bwana Risasi

Katika jukwaa la mafundi na wapenzi wa simu liitwalo Waya na Chipu, hapakuwa na mtu aliyeogopwa na kupendwa kwa pamoja kama Bwana Risasi. Mtu wa Mombasa aliwahi kuandika kwamba simu yake inapata moto kupita kiasi, afanyeje. Bwana Risasi akamjibu: "Ipeleke ikapimwe malaria." Mwingine wa Dodoma akauliza ni simu gani ambayo betri yake hudumu. "Ile ambayo shemeji zako hawajui neno lake la siri." Wenye simu za tunda na wenye simu za roboti walikuwa wakitukanana tangu asubuhi kwa sababu ya kamera tu, lakini wakiliona jina lake waliacha ugomvi wakaja kucheka. Pembeni ya jina hilo palikuwa na nyota ya dhahabu aliyotunukiwa na wakuu wa jukwaa, na chini ya nyota maneno mawili: Fundi Bingwa.

Wasilolijua ni kwamba Bwana Risasi alikuwa mwanamke. Jina lake Ruweida, umri wake miaka thelathini na minne, na kazi yake kutengeneza simu katika chumba cha mbele cha nyumba ya shangazi yake, mjini Wete. Risasi ilikuwa ile ya kuchomea waya. Zamani aliingia jukwaani kwa jina lake mwenyewe, akaeleza vizuri namna ya kubadilisha tundu la chaji. Wanaume watatu wakamuuliza kama ameolewa, na wa nne akamuuliza nani kamwandikia maelezo yale. Aliifunga akaunti ile akafungua nyingine. Wiki hiyo hiyo alimkebehi mtu mmoja, watu mia wakacheka, na tangu hapo hakuna aliyewahi kumuuliza tena kama anaijua kazi yake.

Jumatatu moja, baada ya sala ya adhuhuri, Ruweida alikuwa akisubiri gundi ya kioo ikauke. Akafungua jukwaa. Palikuwa na swali jipya la mgeni asiye na picha wala nyota.

"Asalam alaykum. Simu imeanguka maji ya chumvi asubuhi. Ndani mna sauti naihitaji sana. Nifanye nini kabla sijapata fundi. Nipo kisiwani."

Ruweida alilijua jibu kama alijuavyo jina la mama yake: usiiwashe, usiichaji, isuuze kwa maji safi, iwahishe kwa fundi. Lakini jibu hilo alikwisha kuliandika mara ishirini, na kila mara lilipita bila mtu kulitazama. Vidole vikaenda kwingine.

"Waalaykum salaam. Dawa ya chumvi ni maji matamu. Chemsha maji, yakitokota itie simu, kamulia ndimu, nyunyiza bizari, funika dakika kumi. Ikiiva ianike juu ya bati pamoja na dagaa. Sauti itatoka yenyewe."

Ilikuwa kama amemwaga petroli kwenye jiko. Mmoja akamkumbusha asisahau pilipili. Mwingine akaapa kwamba yeye aliichemsha ya kwake na sasa inashika mtandao mpaka chooni. Kufika alasiri waliocheka walikuwa mia sita. Mtu mmoja tu aliandika jibu la maana, fundi wa Kisiwa Panza aitwaye Silima, ambaye hakuwa na mzaha wala jina la kubuni. Jibu lake lilizama chini ya vicheko. Ruweida aliliona likizama. Akarudi kwenye kioo chake, moyo mwepesi.

Siku ya Alhamisi asubuhi waliingia wanawake wawili. Mmoja mtu mzima, kanga mabegani, amechoka na safari. Wa pili kijana wa miaka ishirini na sita hivi, ameshika kitu kilichofungwa ndani ya leso.

"Hodi hapa. Ndo kwa fundi?"

"Karibuni. Ndiyo mie. Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mie Mwanawema wa Kojani, na huyu mwanangu Nusaiba. Tumeambiwa kuna fundi nke hapa, nkasema alhamdulillahi, maana jambo lenyewe si la kumwambia kila ntu."

Nusaiba aliifungua leso. Ruweida aliishika simu, akaigeuza. Mgongo ulikuwa umefura kwa betri iliyovimba, kioo kimeingia ukungu, na gundi ya ukingoni imelainika ikatoka nje kama ute.

"Hii ilianguka baharini," alisema Ruweida. "Lakini imepata na moto pia. Nani kaitia moto?"

Nusaiba aliinamisha uso. "Si moto. Maji ya moto. Niliuliza kwa mafundi wa mtandaoni, kwa simu ya kaka."

Ruweida aliigeuza simu tena mkononi.

"Mambo ya ndimu na bizari nilijua mzaha," Nusaiba aliendelea haraka, kama mtu aliyekwisha kuchekwa na nyumba nzima. "Si mpumbavu mie. Lakini maji ya moto nilidhani ndo kweli, kwa vile chumvi huyeyuka. Na wengine wakasema wamejaribu. Na huyo aliyenambia ana nyota, kaandikwa fundi bingwa. Bwana Risasi."

"Mungu amlipe," alisema Bi Mwanawema.

Ruweida aliuliza, sauti yake mwenyewe akiisikia kwa mbali, ni sauti gani hiyo iliyomo ndani ya simu.

Mama na mwana walitazamana. Kisha Nusaiba alieleza. Mumewe, Abdulsamad, aliondoka kwenda kuvua bara mwaka jana. Mwezi wa tano akamletea ujumbe wa sauti kwa Wasapu: nimekuacha, Nusaiba, talaka tatu, usinitafute. Aliusikiliza peke yake jikoni. Kwa aibu hakumsikilizisha mtu, hata mama yake. Alikaa eda yake kimya akisingizia homa. Eda ilipokwisha ndipo aliposema. Sasa Abdulsamad amerudi, anataka mkewe, na anakana kwamba amewahi kumwacha. Shauri lipo kwa kadhi, Jumanne ijayo. Kadhi alimwambia alete ushahidi. Basi Jumatatu alikuwa akipanda mashua kuja Wete kumsikilizisha wakili ule ujumbe, mguu ukateleza, mkoba ukaenda majini.

"Yeye upande wake kaufuta," alisema. "Shahidi wangu hiyo tu uliyoishika."

Ruweida alimuuliza kama ujumbe ulihifadhiwa kwingine. Nusaiba alitikisa kichwa. Laini alikwisha kuirudisha kwenye simu ya kaka yake. Wasapu ilifunguka tupu, kwa kuwa aliyemuuzia simu aliifungulia kwa barua pepe ya kubuni ambayo hakuna aijuaye, na nakala za ujumbe huhifadhiwa huko.

"Iacheni," alisema Ruweida. "Rudini Jumamosi." Ndilo neno aliloweza kulitoa. Walipotoka alifunga mlango, akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, mpaka shangazi yake alipomwita kula naye akajibu hana njaa.

Kwa siku mbili hakugusa simu ya mtu mwingine. Aliitoa betri, akaitoa bodi, akaisugua kwa mswaki na spiriti, akaiweka chini ya hadubini. Kutu ya kijani ilikuwa imetambaa pembeni, na hiyo angeiweza. Lakini maji ya moto yalikuwa yameisukuma chumvi mpaka chini ya chipu kubwa, ule ubongo wa simu, na humo vinjia vya shaba vilikuwa vimelika kama mbao iliyoingiwa na mchwa. Alichomea nyaya nyembamba kuliko unywele. Akatia umeme. Mshale wa mashine ya kupimia haukutikisika. Kuing'oa chipu ya kumbukumbu peke yake hakufai kitu, kwani hiyo na ubongo hufungwa kwa kufuli moja. Ukizitenganisha, zote mbili bubu. Alijaribu tena Ijumaa baada ya sala. Sindano ya mashine ilipanda kidogo. Ikaanguka sifuri, na harufu ya kuungua ikajaa chumba.

Ijumaa hiyo hiyo alasiri aliingia jukwaani akaandika, bila mzaha hata mmoja. Alisema jibu lake la kuchemsha simu lilifuatwa na mtu wa kweli, kwamba kilichoharibika hakina badala, na kwamba anawaomba wakuu walifute na kuliweka jibu la Silima juu.

Vicheko vilianza kabla hajamaliza kuyasoma maneno yake mwenyewe. Walidhani ni utani mpya. "Bwana Risasi ametubu, kesho anahiji." "Iliiva au ilibaki mbichi?" Mmoja aliweka picha ya sufuria yenye simu ndani, nayo ikasambaa kuliko jibu lenyewe. Alipoandika mara ya pili kwamba hasemi mzaha, sauti zikabadilika. Wengine walisema anayechemsha simu anastahili. Wengine wakasema fundi aombaye radhi si fundi. Silima aliandika neno moja, "Lifuteni," akaambiwa aende akavue pweza. Mkuu wa jukwaa alimwandikia Ruweida faraghani: "Ndugu yangu, hilo ndilo jibu lililopendwa kuliko yote mwaka huu. Tukianza kufuta mizaha hapa atabaki nani? Pumzika kidogo."

Ruweida alilitazama lile neno ndugu yangu. Miaka minne alikuwa akilifanyia kazi. Akajaribu kulifuta jibu mwenyewe, lakini jukwaa halimruhusu mtu kufuta jibu lililopita siku moja. Aliifunga akaunti. Jibu likabaki, bila jina, lakini ile nyota ikiwa palepale.

Jumamosi walikuja mapema. Ruweida aliwakaribisha ndani, kwa shangazi, kwenye mkeka, si pale kwenye meza ya kazi. Bi Mwanawema alimsoma uso.

"Haikuwezekana," alisema.

"Haikuwezekana, bibi. Nimejaribu yote niyajuayo." Palikuwa na mlango wa kutokea hapo, naye aliuona uko wazi: aseme maji ya bahari yangeiua simu hata hivyo. Na huenda ni kweli. Nani angejua? "Jengine," alisema. "Yule Bwana Risasi ni mimi."

Nusaiba hakuelewa. "Wewe vipi?"

"Ndiye mimi niliyeandika. Jibu sahihi nilikuwa nalijua. Nikataka watu wacheke."

Nje mtu alikuwa akipita na baiskeli, kengele ikilia. Bi Mwanawema alianza kucheka, cheko kavu lisilo na furaha. "Kumbe Bwana Risasi anavaa buibui! Siku tatu tunamwapiza ntu, kumbe tumemletea simu mwenyewe aizike."

"Mama," alisema Nusaiba.

"Niache! Ungekuwa nume ningesema ndo walivyo. Wewe nke mwenzake! Hukujua ntu akisema naihitaji sana ana maana gani?"

Nusaiba alimtazama Ruweida kwa muda mrefu, bila hasira, na hilo lilimchoma zaidi kuliko maneno ya mama.

"Walicheka wangapi?" aliuliza.

"Mia sita. Sasa wamezidi."

Nusaiba aliitikia kwa kichwa polepole, kama aliyetajiwa umbali wa safari. Kisha akasema, "Jumanne utakuja ukamwambie kadhi."

"Nitakuja."

Jumanne Ruweida alisimama mbele ya kadhi, na nyuma yake watu wa Kojani waliojaza mabenchi. Alieleza nani aliandika nini, na kwa nini binti huyu hana cha kuonyesha. Alisikia minong'ono mgongoni, na kicheko kimoja kilichozibwa kwa mkono palipotajwa bizari. Kadhi, mzee mpole, aliandika kila neno. Kisha akaweka kalamu.

"Nakushukuru kwa ukweli wako. Lakini hiyo ni habari ya simu, mwanangu. Si habari ya talaka. Ulisikia wewe talaka?"

"Sikusikia, Shehe."

Abdulsamad aliitwa. Alivaa kanzu safi, akazungumza kwa adabu. Aliulizwa kama yu tayari kula kiapo. Akasema yu tayari, akala kiapo, sauti haikutetemeka. Nusaiba alimtazama mpaka neno la mwisho. Kadhi akasema bila ushahidi hawezi kuithibitisha talaka hiyo, lakini mlango wa kuomba ndoa ivunjwe kwa madhara haujafungwa. Hilo ni shauri jingine, lenye mashahidi wake na miezi yake. Na kwa sasa, mke ni mke.

Nje, Bi Mwanawema alipita bila kumtazama Ruweida. Nusaiba alisimama.

"Sirudi kwake," alisema. "Nitalifungua hilo la pili."

"Nitakuwa nakuja kila siku ya shauri."

"Utakuja kufanya nini? Huna la kushuhudia."

"Sina. Nitakaa tu."

Nusaiba alifikiri, akakaza ushungi wake. "Kaa," alisema. "Lakini usije ukaniomba radhi kila mara. Nami nitachoka."

Shauri la pili lilifunguliwa, likaahirishwa, likaahirishwa tena kwa kuwa Abdulsamad alikuwa dagoni, kwenye kambi ya wavuvi. Jukwaani, kila aliyeiona picha ile ya sufuria aliisambaza, na mara moja Ruweida aliletewa dukani na mteja aliyedhani hajaiona, naye mteja akacheka peke yake. Kila shauri lilipoitwa, Ruweida alifunga duka akaenda akakaa benchi la mwisho. Kuna siku Nusaiba alimsalimia wakiingia, akamuuliza habari za shangazi yake. Kuna siku alipita kama hamjui, na Ruweida alikaa siku hiyo pia.