Maombolezo ya Mtu Aliyesilimu

Kwa miaka ishirini hapakuwa na Mkalasha, mtu wa lile kabila dogo la milimani lenye miungu yake, aliyezikwa katika bonde lile bila sauti ya Gulsambar. Mtu akifa, mwili hulazwa siku tatu katika nyumba ya Jestak, mungu wa kike anayelinda jamaa, ngoma zikapigwa, mbuzi wakachinjwa, na Gulsambar ndiye aliyekuwa akikaa kichwani pa maiti kumsifu. Alitaja mifugo ya marehemu, karamu alizotoa, chui aliyemuua, mke wa mtu aliyemtorosha. Kama marehemu alikuwa mchoyo, alilisema na hilo, kwa lugha tamu, hata wafiwa wakacheka huku wanalia. Sifa moja hakuwahi kuitoa: ya uongo.

Alikuwa na miaka hamsini na saba, mjane, na aliishi na mwanawe Katar, ambaye nyumba yao alikuwa ameiongezea vyumba vinne vya kulaza watalii. Asubuhi, akikanda unga, alisikiliza redio ya Katar na kuziwaza habari kwa namna yake. Waliposema watu mia mbili wamekufa kwa mafuriko huko kusini, alikaa na mikono yake ndani ya unga akajiuliza nani atawasifu wote hao, mmoja mmoja, na atamaliza lini. Waliposema serikali inawahesabu wananchi upya, alisema, "Sisi tusiwape tabu, tujipange tu kwenye ukuta mmoja." Wageni wa Katar walimwita kafiri kwa sauti za upole, kana kwamba ndilo jina lake. Hakukasirika. Aliona ni kama kuitwa mrefu.

Kaka yake Turik alikuwa amesilimu akiwa na miaka kumi na tisa, kwa ajili ya binti wa mwenye duka. Akaitwa Abdulkhaliq. Mwaka huohuo aliing'oa sanamu ya mbao ya baba yao, ambayo jamaa walikuwa wameisimamisha makaburini kwa karamu ya mbuzi thelathini, akamuuzia mgeni mmoja aliyekuja na gari. Gulsambar hakusema naye kwa miaka kumi na moja. Kisha mto ukafurika, ukaondoka na daraja na nusu ya nyumba ya Turik, naye akaja na mkewe na mtoto mchanga, wamelowa, wakasimama uani kwa dada yake. Aliwapa mkate na jozi, kokwa za miti ya bonde lile. Tangu hapo, kila Ijumaa baada ya swala, Turik alikuwa akija kukaa kwenye ukuta wa mfereji, na Gulsambar akimpelekea chai.

"Umeshamaliza kumsumbua Mungu wako?" angemuuliza.

"Nimemaliza. Wako bado amelala?"

"Wangu ni wengi. Wanapokezana."

Yule mtoto mchanga, Ihsanullah, sasa alikuwa mwanamume mwenye duka na watoto watatu. Alikuwa mswalihina kweli, si wa kujionyesha, na uso wake haukujua kuficha kitu. Akila nusu kipande cha jibini bila ruhusa, ungemwona.

Kiangazi kile Turik alishikwa na tumbo. Kufikia majira ya kuvuna jozi alikuwa amebaki ngozi na macho. Siku moja mchana mkewe alitoka kwenda mferejini, na Turik akamshika dada yake mkono, akasema naye Kikalasha, lugha ambayo hakuwa akiitumia ndani ya nyumba ile, akimwita kwa jina la utotoni.

"Sambara, hawa wangu watanizika kabla chai haijapoa. Ni sawa, ndivyo inavyotakiwa. Lakini wewe uniimbie."

"Umerudi?"

"Sijarudi. Sijui. Usiniulize mambo ya hukumu, naumwa. Nataka tu mtu aseme kwamba nilipanda ule mwamba wa juu nikamshusha beberu wa baba akiwa hai. Hawa hawajui. Nikiwaambia wanasema alhamdulillahi, basi."

"Na baba uliyemuuza?"

"Na hilo liseme."

Akacheka, akakohoa, na Gulsambar akaahidi.

Alikufa Jumanne saa sita. Kabla ya alasiri alikuwa ameshafukiwa. Wanawake walikaa juu ya paa, wakaona migongo ya wanaume na sanda nyeupe ikishuka. Ihsanullah alipanda ngazi, akaubusu mkono wa shangazi yake, akasema, "Alikuita jana usiku, shangazi. Alikuwa anaweweseka."

Gulsambar alikwenda moja kwa moja kwa Mirbacha, mzee wa mila, mtu aliyezijua nasaba zote za bonde kwa kichwa. Katar alikuwepo, wanazungumzia zizi la mbuzi.

"Nataka ngoma," alisema Gulsambar. "Moja tu. Saa moja tu."

"Ya Turik?" Mirbacha alitikisa kichwa. "Turik alitoka. Ngoma si ya kila anayekufa."

"Aliniomba."

"Angeomba akiwa na nguvu, tungemjibu akiwa na nguvu. Mtu hawezi kukaa nje miaka arobaini halafu akafia ndani."

"Mama, unataka Waislamu watuchomee nyumba?" alisema Katar. "Tena huyo alimuuza babu yangu. Sasa anataka aimbiwe?"

"Alimuuza baba yangu mimi kabla hajawa babu yako."

"Basi kaimbe peke yako," alisema Katar. Alisema tu, kama watu wanavyosema.

Akaenda. Mwanga wa jua la jioni ulikuwa bado kwenye kilele cha mashariki alipofika uwanja wa kuchezea ngoma. Alivua kilemba chake kilichoshonewa kauri, akakiweka chini, akaziachia nywele, maana ndivyo mfiwa anavyofanya, akaanza kuimba bila ngoma na bila maiti. Aliutaja mwamba wa juu na beberu akilia mabegani mwa kijana. Aliitaja sanamu na gari la mgeni. Aliutaja mto, daraja, na mtu aliyelowa aliyesimama uani. Mwisho akasema, kaka yangu, uliniomba nikuimbie kama walivyoimbiwa baba zetu, na mimi nimekuja, ila ngoma imekataa.

Kwenye ngazi za uwanja walikuwa wamekaa wageni watatu kutoka nchi ya chini, wanakula aprikoti. Mmoja aliinua simu. Katar, aliyekuwa amemfuata mama yake kumrudisha, alifika wakati huo, na kwa kuwa wale walikuwa wageni wake na walikuwa wamelala kwake siku mbili, walipomuuliza mama huyu anaimba nini, aliwatafsiria. Aliwatafsiria vizuri, mstari kwa mstari. Alijifunza kazi hiyo kwa miaka mingi na aliijivunia.

Baada ya siku nne ile picha ya simu, pamoja na tafsiri ya Katar, ilikuwa mtandaoni na kichwa cha maneno: Mwislamu aliyekufa kafiri. Ilitazamwa na watu wengi kuliko Wakalasha wote waliowahi kuzaliwa. Watu wasiojua bonde liko upande gani wa ramani walikuwa na la kusema juu ya Turik. Siku ya tano magari mawili yalipanda kutoka mjini yamejaa vijana. Walivunja kioo cha duka la Ihsanullah. Walimuuliza kama baba yake aliritadi, na kama alijua, na kama alijua, basi kwa nini alimzika na Waislamu. Mmoja akasema kaburi lifukuliwe, maiti apelekwe kwa wenziwe. Wengine wakaitikia. Majembe hayakuwa mbali. Yalikuwa yamelazwa palepale ukutani tangu Jumanne.

Maulana wa kijiji, mzee aliyezaliwa upande huu wa mto na aliyekuwa akinunua jibini kwa Gulsambar, aliwazuia hadi jioni kwa maneno na kwa chai. Alfajiri alimjia Gulsambar pamoja na askari mmoja aliyeshindwa kumtazama usoni.

"Wamekubali jambo moja," alisema Maulana. "Useme mbele ya watu kwamba Abdulkhaliq hakukuomba kitu. Kwamba ulizusha. Nimeyaandika maneno, nitakusomea uyashike."

"Aliniomba, Maulana."

"Usiniambie mimi hilo. Mimi sikulisikia." Alikunja karatasi. "Mama, najua ninachokutaka ufanye."

"Hujui."

"Haya, sijui. Lakini kaburi ni lile na majembe ni yale. Na Ihsan ana watoto watatu."

Walikusanyika saa nne kwenye uwanja wa shule. Wanaume mia mbili hivi, na simu zimeinuliwa. Ihsanullah alikuwa mbele, ana jeraha la kioo kwenye paji la uso. Wakalasha walisimama mbali, ng'ambo ya ukuta, Mirbacha kati yao, na Katar. Gulsambar aliwekwa juu ya dawati la wanafunzi ili aonekane.

"Kaka yangu Abdulkhaliq alikufa Mwislamu," alisema. "Hakuniambia neno. Niliyoimba niliyazua."

"Hatukusikia," alisema mtu wa nyuma.

Akarudia. Wakasema bado hawajasikia, na wengine wakacheka. Akarudia mara ya tatu kwa sauti ile ya misibani, iliyofika ng'ambo ya ukuta na kupanda mlimani. Hapo wakanyamaza.

Kijana mmoja wa yale magari, aliyevaa miwani ya jua, aliuliza lisilokuwamo kwenye karatasi. "Kwa nini? Mtu hamzulii kaka yake hivihivi. Kwa nini ulisema?"

Gulsambar alitazama zile simu. Aliona kwamba uongo alioandikiwa hautoshi. Ulikuwa mwembamba, wangeupasua kabla ya adhuhuri. Basi akatafuta cha kuufunikia, na kilichokuwa karibu ni kweli.

"Nilimchukia," alisema. "Alimng'oa baba yangu makaburini akamuuza kwa mgeni kama kuni. Nimengoja miaka arobaini nimchafue. Akiwa hai nisingeweza, alikuwa mtu mwema na watu wangemsadiki yeye. Nikangoja afe."

Minong'ono ikapita. Hilo walilielewa. Yule kijana alivua miwani, akamtazama kwa chuki safi, iliyotulia, na akamgeukia Ihsanullah akampa mkono. Watu wakaanza kumkumbatia Ihsanullah mmoja mmoja. Mtu alimrushia Gulsambar ganda la jozi, likampiga shavuni, na askari akamshusha.

Ihsanullah alikuja asubuhi yake, peke yake. Hakukaa.

"Sasa tuko wawili," alisema. "Hapana simu hapa. Niambie, shangazi. Yale uliyasema kutuokoa, sivyo?"

Gulsambar alikuwa anamenya jozi, vidole vimekuwa vyeusi kwa maji ya maganda. Alimtazama mtoto wa kaka yake, uso ule usio na kifuniko. Akimwambia ndiyo, ataanza siku hiyohiyo kuhofia adhabu ya baba yake kaburini. Ataulizwa tena na watu, mwaka huu au mwaka kesho, na atajibu sivyo kwa mdomo, huku uso unajibu ndiyo. Kisha watarudi na majembe.

"Niliyasema kwa sababu ni kweli," alisema.

"Alikupenda. Ijumaa zote zile alikuja kwako."

"Alikuja kunywa chai, nikampa chai."

"Na siku zile za mwisho? Ulimwosha miguu. Nilikuona."

"Nilitaka kuona anavyokufa."

Aliyasikia maneno yakitoka, akashangaa yalivyokuwa tayari, kana kwamba yalikuwa yamekaa mdomoni siku nyingi. Machozi yalimjaa Ihsanullah, lakini chini ya machozi Gulsambar aliona jambo jingine pia: mtu aliyetua mzigo. Baba yake alikuwa salama. Alikuwa amekufa na dini yake, akasingiziwa na dada mwovu. Hilo mtu anaweza kuishi nalo.

"Sitakusalimu tena," alisema.

"Usinisalimu."

Siku ya pili Mirbacha alimwita. Wazee walikuwa wamekaa. Anayedanganya katika maombolezo, walisema, amemdanganya Jestak na wafu wote wa ukoo. Atoe beberu mmoja, na asiimbe tena juu ya maiti wa Kikalasha. Katar alikuwa amekwisha kumchagua beberu. Wazee walipotawanyika, Mirbacha alibaki naye nyuma.

"Ulisema uongo lini?" alimuuliza polepole. "Siku ile uwanjani, au juzi shuleni?"

Gulsambar alimtazama Katar pale mlangoni, anasubiri, mtu anayetafsiria wageni kila kitu mstari kwa mstari.

"Chagua wewe," alisema.

Mirbacha alitikisa kichwa, akachagua ile ya uwanjani, na hakuchagua vizuri. Tangu siku ile wanawake walipokutana naye njiani walihamishia vikapu vyao bega la pili ili visimguse.

Baridi ilipoingia alikufa Donji, mwanamke aliyekuwa rafiki yake tangu utotoni. Ngoma zilipigwa siku tatu. Gulsambar alikaa ndani na kusikia wasichana wakimsifu Donji kwa ukarimu, Donji ambaye alikuwa akificha hata chumvi, na aliyewahi kutembea siku mbili kwenye theluji kumletea Gulsambar dawa. Ukarimu waliusema, nao ulikuwa uongo. La theluji hakuna aliyelijua. Aliliimba mwenyewe kwa kunong'ona, karibu na jiko, na Katar akamwambia apunguze, wageni wanapumzika.

Theluji ilipoyeyuka Ihsanullah aliuza duka akahamia mjini. Siku waliyoondoka, Gulsambar alikuwa anashuka na mzigo wa kuni, na njia pale ni nyembamba, mtu na gari havipishani. Dereva alisimamisha gari kumngoja apite. Alikuwa mgeni, mtu wa makamo mwenye uso wa furaha.

"Polepole, mama, usianguke," alisema kupitia dirishani. "Mzigo huo ni wa punda wawili. Nikusaidie?"

Ihsanullah, aliyekaa kando yake, hakugeuza shingo. Alimwambia dereva maneno machache. Nyuma, msichana wake mdogo alikuwa ameinua mkono ili apunge. Mama yake akaushika, akaurudisha mapajani.

Dereva akaacha kutabasamu. Akapandisha kioo, na kabla Gulsambar hajamaliza kujibana ukutani, akaliondoa gari.