Nguo za Marehemu

Saa mbili asubuhi, sokoni Singida Mjini, Febronia alikata kamba za belo la mitumba kutoka Korea. Chini ya suruali za michezo alikuta koti fupi la hariri, la kike, linanuka udongo.

Mwenye koti alifika kabla ya saa nne. Alikuwa amekufa miaka mia nne iliyopita na safari ilikuwa imemchosha. Alieleza, kwa Kinyaturu kizuri kuliko cha Febronia, kwamba alizikwa na nguo thelathini, zikakaa salama kaburini mpaka kaburi lilipofukuliwa kupisha barabara. Nyingine ziko makumbusho, ndani ya vioo. Hii iliibwa.

"Shikamoo bibi. Chukua, ni lako," Febronia alisema.

"Marahaba." Akalivaa, akafunga utepe kifuani, akaondoka.

Ndipo Febronia alipokasirika. Miezi mitatu alikuwa anakwenda kwa Scola, wifi wa marehemu dada yake Hana, kuomba kitenge kimoja tu kwa ajili ya Elina, binti wa Hana ambaye sasa anaishi kwa Febronia. Siku ya kuanua matanga ukoo wa mume uligawana nguo zote, hadi soksi. Elina hakupata hata kilemba. Jibu la Scola halikubadilika: kikao kilishakaa.

Jumamosi Febronia alikwenda makaburini kumwambia Hana kwamba wenzake wanajifuatia nguo wenyewe. Jumapili baada ya ibada, Hana akafika kwa Scola amevaa gauni jeupe alilozikwa nalo. Febronia na Elina walikuwa wanamsubiri mlangoni.

Scola aliwapa viti na chai. Alikuwa amevaa kitenge cha kijani cha Hana.

"Wifi, nimefuata kitenge changu nimpe mtoto."

"Wifi, wewe ni marehemu. Marehemu hana nguo. Na kikao kilishakaa."

"Mbona mimi sikuitwa?"

"Ungeitwaje, na msiba ni wako?"

Febronia alishika kichwa. Kwa kweli inachosha, mtu atoke kaburini kwa miguu yake halafu ajibiwe kikao.

Hana alimaliza chai, akaaga. Nje upepo wa Julai ulikuwa mkali, na gauni la maziko ni jepesi. Elina akavua sweta lake la shule, ndilo pekee alilokuwa nalo, akamvika mama yake.

Jumatatu mwalimu wa zamu alimuuliza sweta liko wapi. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaamini kila neno, akamrudisha nyumbani akalete sweta.